Miaka Hamsini Jikoni Ngamiani

Segera ndipo abiria wanapoagana. Wa Moshi na Arusha wanaendelea na barabara yao, sisi wa Tanga tunakata kulia kuifuata bahari. Basi likisimama Muheza, machungwa yanapanda dirishani kabla dereva hajazima injini, na kuanzia hapo mkonge umekaa safu kwa safu, mwingine umetunzwa, mwingine umemezwa na magugu. Safari hii nilichungulia nje kwa kuibia tu. Mapajani nilikuwa na *Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini* cha Shaaban Robert, na nilitaka kuingia katika mji wake nikiwa katikati ya kurasa zake.

Nakala yenyewe niliipata kwa wauza vitabu wa barabarani, Posta, Dar es Salaam. Ina muhuri wa shule uliofifia, na penseli ya mwanafunzi imepita karibu kila ukurasa. Pale mwandishi anapomlilia mkewe Amina, pembeni pameandikwa: "Tamathali za semi, taja tatu." Nilimwelewa mtoto huyo. Nasi tulimsoma hivyo hivyo. Msiba wa mtu ulitufikia ukiwa swali la alama kumi, tukaujibu, tukafaulu, tukafunga kitabu. Wengi wa rika langu hawakukifungua tena, na hilo linaniuma, kwa sababu mwandishi huyu hakuwaandikia watoto wa miaka kumi na saba. Alizaliwa Vibambani, nje kidogo ya mji huu, tarehe 1 Januari 1909, na alifariki Juni 1962 akiwa na miaka 53. Nilipokuwa shuleni, huyo alikuwa mzee wa kwenye jalada. Sasa ni mtu wa rika langu. Watoto wangu wameondoka nyumbani, usingizi umepungua, miwani ya kusomea inalala juu ya friji, na daktari ameshanionya kuhusu chumvi. Nikisoma mtu akihesabu yaliyopita na yaliyobaki, sihitaji mwalimu wa kunifafanulia.

Mitaa ya Ngamiani inaitwa kwa namba: barabara ya kwanza, ya pili, ya tatu, hadi ishirini na kitu. Mgeni hapotei. Baiskeli bado ni nyingi kuliko nilivyotarajia, na wanawake wanaziendesha bila haraka, kikapu mbele, mtandio ukipepea. Shangazi yangu alikuwa barazani akichambua mchele.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Huu mji wanausema waja leo waondoka leo. Wewe huondoki."

Kesho yake asubuhi tulikwenda soko la samaki, Deep Sea. Mashua zilikuwa zimeshafika na wanunuzi wamezizunguka. Shangazi hakumsikiliza muuzaji hata mmoja. Aliinua shavu la samaki kwa kidole: likiwa jekundu alianza kupatana bei, likiwa la kahawia alimshukuru mwenye samaki na kupita. Tuliondoka na changu wawili na fungu la uono.

Anayo gesi ndani, lakini chukuchuku na bada anapikia uani, kwa mkaa. Maji kidogo kwenye sufuria, nyanya, kitunguu, kitunguu saumu kilichotwangwa, pilipili nzima isiyopasuliwa. Mafuta hakuna, nazi hakuna. Maji yanapotokota ndipo changu wanapolazwa, na kuanzia hapo mwiko haugusi tena sufuria. Shangazi anaishika kwa vitambaa viwili na kuitikisa, nusu mzunguko kulia, nusu kushoto, mchuzi unapita juu ya samaki bila kumvunja. Ndimu anaikamua mwisho kabisa, na hapo nilimwona anafanya hesabu yake: akachota chumvi, akaangalia uso wangu, akairudisha nusu koponi, akakamua ndimu ya pili. Sikuwa nimemwambia habari ya daktari. Labda mama amemwambia kwa simu, au labda mtu aliyewapikia wagonjwa wa ukoo mzima anaona tu.

Bada ni kazi nyingine. Unga wa makopa, yaani muhogo uliokaushwa ukatwangwa na kuchekechwa, unaingia kwenye maji yanayochemka na unaanza kusongwa hapo hapo. Kwanza ni mweupe na wenye madonge. Mkono ukikaza unageuka kijivu, unavutika, mwishowe unang'aa. Nilisonga mimi, bega likaniuma kwa siku iliyofuata. Bada haitafunwi. Unakata tonge, unalibonyeza kwa kidole gumba, unachota mchuzi, unameza.

Lakini kabla ya kula tulisoma. Shangazi alinikuta nimekaa kwenye kigoda na kitabu nimekifunika kwa kanga, akaniambia: "Soma kwa sauti. Mikono yangu ndiyo ina kazi, masikio hayana." Basi nikasoma, moshi ukinifuata kila nilipohama. Nilipofika kwa Amina, kipepeo kikasimama.

"Rudia hapo."

Nikarudia. Akauliza watoto walilelewa vipi. Nikamwambia kwamba baadaye baba yao aliwatungia tenzi za wosia, binti yake Mwanjaa akatungiwa *Utenzi wa Hati* na mwanawe Suleiman *Utenzi wa Adili*. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikamweleza pia kwamba mtu huyu aliingia ukarani mwaka 1926, akianzia idara ya forodha, na kwamba katika miaka hiyo ya kazi ya ofisini alikuwa akiandika, mpaka vitabu vyake vingine vikapigwa chapa Johannesburg. Hapo shangazi akaniangalia.

"Akitoka kazini anaandika. Na chakula nani alipika?"

Nimekaa na vitabu maisha yangu yote na sikuwahi kuulizwa swali hilo darasani. Kila kitabu ninachokipenda kiliandikwa na mtu aliyekula siku hiyo. Nikawafikiria wanawake wa nyumba ile, majina yao na moto wao, na nikafikiria pia mimi mwenyewe nilivyosoma katika miaka ya kulea: kurasa nne maharage yakichemka, mbili nikisubiri unga wa maandazi uumuke, riwaya nzima kwa mwezi, mkono mmoja kwenye kurasa na mwingine kwenye mwiko. Tunazoea kusema kwamba watu wetu hawasomi kwa sababu hawana utulivu. Mimi naamini jiko ni mahali halali pa kusomea, na kwamba tenzi zetu zilikaa vichwani mwa watu kwa sababu zilisikilizwa na watu wenye kazi mikononi. Shangazi hajawahi kukaa chini na kitabu cha hadithi, lakini ana beti nyingi kichwani, na anajua hasa pa kuniambia nirudie.

Siku nyingine nilikwenda Maktaba ya Mkoa, jengo ambalo zamani lilibeba jina la Mfalme George wa Sita. Vijana walikuwa wamejaa, kila mmoja ameinamia daftari lake la mtihani. Nilifurahi kuwaona. Ningefurahi zaidi kama japo mmoja angekuwa na riwaya mbele yake.

Usiku tulihamia *Kusadikika*, kitabu cha 1951, ambacho nilikibeba kwa ajili hiyo hasa. Karama anashitakiwa na waziri Majivuno, na katika kujitetea anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, mpaka ardhini na mbinguni. Kila mmoja alirudi na jambo la kuifaa nchi, na kila mmoja akatupwa gerezani. Shuleni niliyakariri majina yao kwa mpangilio. Safari hii niliposoma juu ya mtu aliyerudi kwao na mema akapokewa kwa minyororo, nilimkumbuka mjomba wetu aliyerudi kutoka masomoni na mawazo mengi, akafia kwenye ofisi isiyomtaka. Shangazi naye alimkumbuka, maana alimtaja kabla yangu. Tulikaa na habari zake mpaka taa za jirani zikazimwa, ndipo tukamalizia kesi. Mwishoni Karama anashinda na wafungwa wanaachiwa.

"Na miaka yao?" akauliza shangazi. "Nani anawalipa?"

Asubuhi ya kuondoka alinifungia uono uliokaangwa mkavu na kilo mbili za unga wa makopa, kwa sharti kwamba nisonge mwenyewe, nisimwachie dada wa kazi. Kisha akaanza kunitajia vya kuja navyo nikirudi kabla ya Ramadhani: mchele wa Kyela, vitenge viwili, dawa yake ya presha, na *Utenzi wa Hati*. Mjukuu wake anaolewa, na shangazi ameshapanga kwamba nitausoma wote, mwanzo mpaka mwisho, siku wanawake watakapokuwa uani wakimenya vitunguu vya pilau.