Mkuki wa Wanaga na Mkuki wa Babu

Muhula uliopita mhadhiri wetu wa mbinu za kufundishia historia alitugawia picha za vitu vya kale, kila mtu na yake. Kazi yenyewe: fundisha kidato cha pili kwa kutumia kitu hicho tu, dakika kumi. Mimi nikaangukiwa na mkuki wa Wanaga, watu wa milima ya kaskazini-mashariki mwa India, mpakani na Myanmar.

Kiukweli nilijua ni kazi ya usiku mmoja. Si ndio wale waliosifika zamani kwa kukata vichwa vya maadui? Mkuki ni silaha, kwisha habari.

Nilipoanza kusoma nikaona nilivyojidanganya. Mpini ni wa mti, ncha ni ya chuma, na chini kuna chuma kingine cha kuuchomeka ardhini. Lakini ule wa heshima huvishwa manyoya ya mbuzi yaliyotiwa rangi nyekundu. Huo si wa kurusha, ni wa kushika kwenye sherehe ili watu wajue wewe ni nani. Vijana walifunzwa mambo hayo kwenye morung, nyumba kubwa ambako wavulana walilala pamoja, wakajifunza kazi za mikono, vita, nyimbo na adabu kutoka kwa waliowatangulia. Sisi wa ualimu tungeiita shule. Hadi leo mikuki hiyo inaonekana kila Desemba kwenye tamasha la Hornbill, lililoanza mwaka 2000, pale Kisama karibu na Kohima.

Siku ya kuwasilisha nikamwaga yote. Darasa likapiga makofi. Kisha jamaa mmoja wa viti vya nyuma akauliza, "Na wa kwenu ukoje?"

Nikakwama. Babu yangu ni Mgogo wa Chamwino, na mkuki alikuwa nao. Nilipoingia mwaka wa kwanza ada ilipungua, babu mwenyewe akautoa, ukauzwa kwa mfanyabiashara wa vitu vya watalii pamoja na mbuzi wawili. Mbuzi nakumbuka hadi rangi zao. Mkuki sikumbuki hata mpini wake ulikuwa mti gani.

Jioni nikapiga simu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Umekula?"

Nikamuuliza habari za mkuki. Akacheka kidogo. "Mjukuu wangu, umekaa nao miaka ishirini hujauliza. Leo haupo ndiyo unaulizia?"

Sikuwa na jibu. Lakini hakuninyima. Akanitajia mti, akanieleza ulivyokaushwa, akaanza habari za mhunzi aliyefua chuma chake. Salio likakata tukiwa bado kwa mhunzi.

Mkuki umeshakwenda, na digrii yangu imo ndani ya bei yake. Likizo hii naenda Chamwino na daftari. Na wewe mwenzangu, kama cha kwenu bado kipo ukutani, uliza kabla hakijawa picha ya darasani.