Kengele Yenye Jicho na Bangili za Bibi Harusi



Sisi ni mawifi wawili, mafundi cherehani, tunaishi Mabatini hapa Mwanza. Mwaka wa nne sasa, pembeni ya kushona, tunapangisha nyumba ya vyumba vitatu kwa siku. Si gesti. Ni nyumba kamili yenye jiko, ua na geti, mtu anaichukua usiku mmoja, mitatu au wiki nzima. Wateja wetu ni watu wenye mgonjwa Bugando, wafanyabiashara wanaofuata mzigo mjini, na kuliko wote familia zenye harusi. Bibi harusi anataka mahali pa kupambwa pasipopita wanaume, na nyumbani kwao kuna watu arobaini. Tunamshonea gauni, tunampa na nyumba.

Shida ya nyumba ya namna hii ni mlango. Mlinzi wa kiume hatukumtaka, maana mara nyingi wageni wetu ni wanawake peke yao, na mshahara wake ungemeza nusu ya kodi. Sasa saa nne usiku mtu anagonga geti, anasema ameelekezwa kuwa hapa kuna chumba cha saa mbili, ana mtu wake kwenye bajaji. Mwingine anasema yeye ni mume wa mgeni, na mgeni ukimuuliza hana habari naye. Wanawake wawili kuwafungulia usiku wanaume wasiowajua ni hatari, na kwa mtaa wetu ni suala la jina pia. Jina la nyumba likishaharibika, hakuna mama atakayemleta binti yake kupambwa hapo.

Dini yetu ililiona jambo la mlango mapema. Katika Suratun-Nur, aya ya 27, tumefundishwa tusiingie nyumba isiyo yetu mpaka tuombe ruhusa na tuwasalimie wenyewe, na aya inayofuata inasema ukiambiwa rudi, urudi. Mtume (S.A.W.) akatufundisha kuomba mara tatu, usipojibiwa uende zako. Waswahili tumeyaweka yote hayo katika neno moja, hodi. Tulichokuwa tunakitafuta ni namna ya kujibu hodi bila kufungua.

Ndipo tukanunua kengele ya kamera. Ni kidude cha kubandika ukutani, kidogo kama simu ya batani, kina kamera, spika na kipaza sauti. Mtu akibonyeza, au hata akisogea tu mbele yake, simu zetu zinalia, tunamwona na tunaongea naye tukiwa kwetu, nyumba ya tatu kupanda mlima. Pamoja na ufundi ilitugharimu Sh 160,000. Wale wa saa nne usiku wamepungua sana. Wengi wakisikia sauti ya mwanamke inatoka ukutani inawauliza wanamtaka nani, wanageuka wenyewe. Mmoja aliivulia kofia kengele na kuiomba radhi.

Hapo tupenyeze jambo ambalo lilitufurahisha kulijua. Watu wanadhani vitu hivi vimebuniwa na vijana wa kompyuta juzi juzi. Mfumo wa kwanza wa namna hii ulikuwa wa mwanamke mweusi, muuguzi wa Queens, New York, Marie Van Brittan Brown. Saa zake za kazi zilikuwa mbovu, mara nyingi yuko nyumbani peke yake, na polisi walichelewa kufika mtaani kwao. Mwaka 1966 yeye na mumewe Albert waliomba hataza ya mlango wenye matundu manne ya kuchungulia, ya watu warefu na wafupi, na kamera inayopanda na kushuka nyuma ya matundu hayo. Picha aliiona kwenye runinga chumbani, aliongea na aliye nje, na kulikuwa na kitufe cha kufungulia mlango na kingine cha kuita msaada. Hataza ilitolewa Desemba 1969. Muuguzi aliyechoka na zamu ya usiku alitaka tu kujua nani anagonga.

Kwetu Mabatini kitu hiki kina tabu zake. Umeme ukikatika, kengele ina betri yake na inaendelea kuishi, lakini ruta inazima, na bila waifai simu hailii. Kengele za bei yetu zinakubali waifai ya masafa ya 2.4 tu, ile ya 5 haziioni, kwa hiyo mwambie mapema anayekufungia intaneti. Na mawe! Mnaoijua Mwanza mnajua nyumba zetu zimekaa juu ya mawe na katikati ya mawe. Tulitaka kengele ikae getini, fundi akajaribu, waifai haikufika kwa sababu kati ya nyumba na geti kuna jiwe kubwa kuliko gari. Ikabidi ikae kwenye mlango wa nyumba, inatazama kibaraza, ua, mpaka geti. Kila mgeni anaambiwa kabla hajalipa, kwa ujumbe wa WhatsApp, na kibao kipo mlangoni. Ndani hakuna kamera na haitakuwapo. Hata Airbnb tangu 30 Aprili 2024 imepiga marufuku kamera ndani ya nyumba zote zinazopangishwa kupitia kwao, ya nje inaruhusiwa ikiwa mgeni ameambiwa.

Sasa tuwasimulie la bangili.

Ilikuwa mwezi wa Shaaban, harusi zinakimbizana na Ramadhani. Familia moja ilitoka Ukerewe kwa meli, wakachukua nyumba siku tatu. Alhamisi ilikuwa siku ya hina. Baada ya Alasiri tukapigiwa simu, bangili mbili za dhahabu za bibi harusi hazionekani. Tulipofika, kesi ilikuwa imeshahukumiwa. Aliyechukua ni binti anayetufanyia usafi, wa miaka kumi na tisa, kwa sababu ndiye pekee asiye wa familia aliyeingia chumbani asubuhi ile. Shangazi mtu alikuwa ameshamkalisha chini jikoni na kumpekua mkoba. Mjomba alisimama getini anataka mambo mawili, binti apelekwe kituoni, na video ya siku nzima itumwe kwenye simu yake.

Tulijitenga tukaangalia. Umeme ulikuwa umekatika kuanzia saa sita hadi saa tisa, na muda huo kengele haikuwa imetuletea kitu. Kabla ya hapo picha zipo. Binti aliingia asubuhi na ndoo, akatoka saa mbili na dakika arobaini, amebeba ndoo na kitambaa cha kufutia. Hilo peke yake halimsafishi mtu, bangili inaingia kwenye mfuko wa dera. Lakini saa tano na dakika nne mchora hina anafika, na anayetoka kibarazani kumpokea ni bibi harusi mwenyewe. Ametoka kuoga, kajifunga kanga, nywele zimeachwa wazi zinadondosha maji. Ua umezungushiwa ukuta, ndani ni wanawake watupu wa kwao, nani angejisitiri? Na katika mkono wake wa kulia, anaponyoosha kumpokea mgeni kikapu, bangili zote mbili zinang'aa. Binti ameshaondoka zaidi ya saa mbili zilizopita.

Mnaona mkono wetu ulivyoshikwa. Picha inayomtoa binti kwenye wizi ndiyo inayomvua bibi harusi stara. Ushahidi hauwezi kukatwa ukabaki mkono tu, kwa sababu bila uso nani atajua mkono ni wa nani? Na mjomba anangoja getini na simu. Alikuwa mjomba wake kweli, mahram wake, hatukuwa na neno juu ya hilo. Neno letu lilikuwa juu ya simu. Video ikishaingia kwenye simu ya mtu, kesho iko kwenye grupu la familia, keshokutwa kwenye simu ya mpiga muziki.

Tukaenda kwa bibi harusi kwanza. Mwili ni wake. Tulimwonyesha peke yake, chumbani, tukamwambia hii ndiyo inayomwokoa binti, na hatuionyeshi kwa yeyote usipotaka. Aliitazama mara mbili. Akauliza, "Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa nazo?" Tukamwambia ndiyo. Akasema wamuone mama na shangazi, kwenye simu yetu, na isitoke hapo.

Tulidhani imekwisha, kumbe shangazi alisoma saa. Chini ya picha imeandikwa 11:04, na ya binti 08:40. Kwa shangazi hiyo ni saa kumi na moja na dakika nne, alfajiri, na saa nane na dakika arobaini, mchana. Yaani bangili zilikuwapo alfajiri, binti akatoka saa nane, zikakosekana Alasiri. Kwa hesabu hiyo binti ndiye mwizi! Hatukucheka, ingawa leo tunacheka. Saa ya Kiswahili na saa ya mashine zimetofautiana saa sita, na mtu mwenye hasira hakumbuki kuhesabu. Ilibidi tumpigie simu mchora hina, tukaweka sauti wazi, akasema mwenyewe amefika saa tano, jua kali. Mama mtu akaangalia tena kivuli kibarazani, akasema basi, yatosha.

Alitoka yeye kwenda kumwambia kaka yake getini. Mjomba alikasirika, akasema tunaficha jambo, akauliza sisi ni nani tumnyime video ya binti wa dada yake. Dada yake akamjibu kwamba wenye kuona wameona. Polisi hawakuitwa. Mama alimwomba radhi binti mbele ya wote. Shangazi hakusema kitu, ila asubuhi alimpa kanga mpya, doti nzima. Bangili hatukuwahi kuambiwa kama zilipatikana.

Aya ya 12 ya Suratul-Hujurat inakataza dhana nyingi, na papo hapo inakataza kupelelezana. Siku ile tuliziona zote mbili kwenye kibaraza kimoja. Maoni yetu ni kwamba kamera si haramu wala si mlinzi kamili. Ni amana. Mwenye kuishika anaona yasiyo yake, na wageni wetu wanalala wakituamini.

Kwa hiyo ukitaka kuweka, swali la kwanza muulize fundi: akaunti inafunguliwa kwa namba ya nani? Fundi wa kwanza aliyetujia alitaka aifungue kwa barua pepe yake, "nitawasaidia ikisumbua". Tukamshukuru tukaita mwingine. Mwenye akaunti ndiye mwenye jicho, hata akiwa Buzuruga anakula zake chipsi. Na usidhani makampuni makubwa yana usalama zaidi. Mwaka 2023 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliishtaki Ring, kampuni ya Amazon inayouza kengele na kamera hizi, kwamba iliwaachia wafanyakazi wake waone video za wateja, na kwamba mmoja wao alitazama maelfu ya video za wanawake kutoka kamera za ndani. Ring ilikubali kulipa dola milioni 5.8. Ndiyo maana yetu inarekodi kwenye kadi yake yenyewe, halipiwi mtu wa mbali kila mwezi kututunzia. Hasara yake tunaijua, mwizi akiibandua kengele anaondoka na kadi. Kila mgeni akiondoka tunasubiri siku saba, halafu tunafuta.

Nchi yetu nayo ina sheria, wengi hawaijui. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023, na picha ya mtu anayetambulika ni taarifa yake. Inataka mtu aambiwe kinachochukuliwa na kwa sababu gani, na kisitumike kwa jingine. Ukimtumia mjomba video ili atulie, umeshaitoka sababu uliyomwambia mgeni.

Tumebadilisha mawili. Fundi ameweka kabari ya mbao nyuma ya kengele, sasa inatazama njia ya kutoka getini na kibaraza hakionekani isipokuwa ukingo. Upande wa jirani wa chini, ambaye ua wake tunauona kwa sababu ya mlima, tumeuziba kwenye programu, ni kiza tu.

La pili ni kazi ya cherehani. Tumeshona kifuniko, kikofia kidogo cha kitambaa kizito chenye bitana na mpira, kinavaa kengele kama barakoa. Siku za kupambwa ufunguo wa jambo hili uko kwa wenye nyumba wenyewe. Asubuhi wanaivisha, nyumba imejaa wanawake na macho yapo ya kutosha, jioni baada ya Magharibi wanaivua na kututumia ujumbe. Tulianza na kimoja cheusi. Maharusi wakaanza kuomba kifanane na gauni. Cha rangi ya samli aliondoka nacho bibi harusi wa mwezi uliopita, akasema atakirudisha. Tumeshashona kingine.