Jogoo Mdogo wa Himbi



Himbi iko upande wa magharibi wa mji wa Goma, kando ya ziwa Kivu. Kuta za viwanja vyetu ni mawe nyeusi ya volkano, na ndani ya kuta kuku zinatembea kama wenye nyumba. Siku moja niliketi kiwanjani pamoja na kijana aliyetoka Rubaya, kwenye machimbo ya koltani. Moyo wake ulikuwa moto.

“Pasta, tajiri moja anamutaka muchumba wangu. Mi nitamubeba usiku. Mahari tutaongea nyuma.”

Sikumjibu haraka. Mbele yetu jogoo mkubwa alipata funza, akatikisa kichwa, akaita majike: ko-ko-ko! Nyuma ya jikoni jogoo mdogo naye aliokota chakula, akakiangusha, akakiokota tena, lakini bila sauti. Wanaochunguza kuku wameona jambo hilo: mkubwa akiwa karibu, mdogo anafanya mchezo wote wa kuita jike, ila sauti anaizima, maana akisikiwa atapigwa. Mkubwa akishughulika na mambo mengine, ndipo mdogo anapaza sauti.

Kisha tukashuka mpaka ziwani. Pale kuna mti uliojaa viota vya mnana, ndege wale wa manjano wenye kichwa cheusi. Madume ni mengi katika mti mmoja, kila moja na mshindani wake pembeni. Dume linasuka kiota kwa majani mabichi, linaning’inia chini yake, linapigapiga mabawa na kuimba. Jike linaingia, linakagua, linavuta majani kwa mdomo. Likikataa, linakwenda kwa jirani. Kiota kikikauka bila kupata jike, dume lenyewe linakibomoa na kuanza kingine kibichi. Ni kweli, mnana anaiba majani ya jirani, na akipata jike moja anatafuta la pili. Hiyo tusiige.

Kijana alicheka kidogo. “Basi mimi ni jogoo mudogo?”

“Woga wa mshindani ndio unakutuma usiku,” nikamwambia. “Jogoo hana njia nyingine. Wewe unayo: mlango wa baba yake, mchana, pamoja na wazee wako. Na binti mwenyewe, umemuuliza anataka nani?”

Alinyamaza. Hakuwa amemuuliza.

Vijana wangu wa machimbo, pesa inakuja na kwenda, na mwenye nyingi kuliko wewe hakosekani. Ukimchukua binti kwa kumkimbiza, utamlinda maisha yote kama mali ya wizi. Akikuchagua mwenyewe, utalala usingizi.

Jumamosi iliyofuata alikwenda kwa wazazi, mchana, pamoja na baba yake mdogo. Jibu halijatoka. Tunaomba. Lakini hata akikataliwa, mnana amekwisha kumfundisha: majani mabichi hayakosi.

Bwana awabariki.