Tazama Uzito wa Chuma Kabla ya Mota

Mikindani, Mtwara

Mpwa wangu,

Barua yako nimeipokea pamoja na picha za mashine tatu ndogo za milingi unazozitamani kwa banda lako. Umeniuliza ni ipi yenye mota kubwa kuliko wenzake. Naona hujaanzia pazuri. Kwanza uliza mashine ina kilo ngapi, na kilo hizo zimekaa wapi.

Sababu imo katika kazi yenyewe. Mchonga vinyago wa Kimakonde anapopiga tezo, mwili wake ndio unaopokea kishindo: mkono unalegea na kukaza, jicho linasahihisha kabla ya pigo la pili. Mashine haina mkono wala jicho. Kila jino la kisu linapouma chuma, chuma nacho kinakisukuma kisu nyuma, na kinachosimama katikati kuzuia ni nguzo, kichwa na meza tu. Vikiwa vyepesi vitatetemeka, uso wa kazi utatoka na mawimbi, na kisu kitavunjika kabla hakijachakaa. Mota kubwa juu ya nguzo nyembamba haiponyi tatizo hilo, inalichochea. Tazama hesabu yake: pau ya chuma iliyoshikwa upande mmoja, ukiirefusha mara mbili, inapinda mara 8 zaidi kwa nguvu ileile. Kisu chenye unene wa milimita 12 kinahimili kupinda mara 16 zaidi ya cha milimita 6 kilichochomoza sawasawa nacho. Nguzo ya mashine nayo haikwepi sheria hiyo, ndiyo maana unene kidogo ulioongezwa penye mzizi wake una faida kuliko wati mia mbili za mota. Mashine ndogo kabisa za mezani zina kilo 50 au 60 hivi. Za kati zinapita 100. Kubwa za jamii hiyo zinakaribia 300. Kwa chuma cha kawaida, kama shafti na puli unazotaja, ningekuomba usishuke chini ya kilo 100. Ile ya kilo 55 katika picha zako itachonga aluminiamu na shaba nyeupe vizuri, lakini penye chuma itakufundisha subira peke yake.

Itazame pia nguzo ilivyoumbwa. Ya pili katika picha zako ina nguzo ya duara, kama bomba. Ni nzito kweli, na bei yake inavutia, lakini ukikipandisha kichwa ili ubadilishe keekee uweke kisu, kichwa kinaweza kugeuka kushoto au kulia, na kipimo ulichokitafuta kwa nusu saa kinapotea. Nguzo bapa yenye reli zilizochongwa mshazari haina ugonjwa huo. Kati ya mbili zenye uzito unaolingana, chukua hiyo bapa.

Najua rafiki zako watakwambia usihangaike, ununue mashine ya kutobolea ya kusimama, ufunge meza ya kuteleza chini yake, mambo yaishe. Ushauri huo ni wa hatari. Mashine ya kutobolea imetengenezwa kusukuma kwenda chini. Beringi zake hazikuandaliwa kusukumwa ubavuni. Halafu kishikio chake cha keekee mara nyingi kimeshikwa kwa msuguano tu, hakuna bolti ndefu inayopita ndani ya spindo kukivuta juu. Mtikisiko wa kisu ukikilegeza, kitadondoka kikiwa bado kinazunguka. Wengine watakusifia mashine moja inayokereza, kutoboa na kuchonga. Hoja yao ya nafasi ni ya kweli, banda lako ni dogo. Ila katika nyingi za aina hiyo sehemu ya milingi ndiyo iliyoonewa: nguzo fupi, meza finyu, na kila ukitaka kuchonga lazima uvunje mpangilio wa kukereza.

Sasa njoo kwenye mahali tulipo, maana mashine inayofaa Birmingham si lazima ifae Mtwara. Bandari yetu na ile reli ya Nachingwea, iliyofungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, zilitokana na mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 na kuvunjwa mwaka 1951. Kule Kongwa, mradi huohuo ulikoanzia, waliletewa hata vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa matrekta. Ardhi ikawa ngumu, vipuri na karakana havikutosha, mashine zikalala. Walionunua walitazama nguvu, hawakutazama nani atazitengeneza na kwa kitu gani. Kwa hiyo wewe uliza: gia za ndani ni za plastiki? Hizo huvunjika meno kisu kikikwama, na kipuri utakisubiri wiki nyingi. Mashine inayoendeshwa kwa mkanda ni bora, kwa sababu mkanda utateleza kabla kitu hakijavunjika. Tundu la spindo likiwa R8 au Morse namba 3, koleti zake zinauzwa na wengi. Likiwa la kiwanda kimoja tu, achana nayo.

Kuhusu umeme, gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982 na sasa inazalisha umeme, lakini mkoa wetu uliishi miaka mingi nje ya gridi ya taifa, na kukatika kwa umeme unakujua. Bodi ya kielektroniki ya kubadilisha mwendo haipendi umeme unaopanda na kushuka, kwa hiyo weka fedha ya stabilaiza. Zaidi ya hapo, dai swichi ya sumaku, ile ambayo umeme ukikatika inajizima na ukirudi haijiwashi mpaka uibonyeze. Hili sitalilegeza, kwa ajili ya vidole vyako.

Utaniambia mashine nzito ni ghali na kuibeba ni kazi. Kuibeba ni kazi ya siku moja: kichwa kinafunguliwa, nguzo inatolewa, watu wanne wanatosha. Bei ndiyo hoja nzito. Nami nasema usimalize fedha zote kwenye mashine. Jiliwa imara, koleti, vibano, visu na geji ya saa vinaweza kula theluthi ya fungu lako au zaidi, na bila hivyo mashine ni pambo. Fedha zisipotosha, subiri msimu mmoja wa korosho. SIDO, shirika la viwanda vidogo, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, zipo mjini. Kazi ya haraka waombe mafundi wao, na uangalie wanavyofunga kazi mezani.

Chumvi ya bahari isikutishe, ila usiidharau. Unyevu wa alfajiri hutua juu ya chuma kilichopoa, na chumvi huushikilia hapo. Paka mafuta reli na meza kila unapomaliza, ufunike kwa kitambaa cha pamba, si nailoni inayofungia unyevu ndani. Na sanduku likifika, usiiwashe siku hiyo. Safisha grisi ya kiwandani kwa mafuta ya taa, funga geji ya saa kwenye spindo, uizungushe kwa mkono juu ya meza, uandike inavyosoma pembe zote nne. Ikipishana sana, mpigie muuzaji siku hiyohiyo kabla muda wa dhamana haujaanza kuliwa.

Mjomba wako