Jarana: Gitaa Dogo la Mto Papaloapan

Bila shaka umewahi kuusikia wimbo La Bamba, harusini au ndani ya matatu, ukautikisia kichwa bila kuelewa neno hata moja. Wengi hudhani ni wa Marekani kwa sababu kijana Ritchie Valens aliurekodi huko mwaka wa 1958. La hasha! Kwao ni Mexico, jimbo la Veracruz, na chombo kilichoulea ni jarana.

Ukitaka kuiona jarana nyumbani kwake, nenda Tlacotalpan, mji mdogo kando ya Mto Papaloapan, wenye nyumba za rangi tele na varanda zenye nguzo. Jaribu kufika Februari 2, sikukuu ya Candelaria, sanamu ya Bikira Maria inapotembezwa mtoni kwa mashua.

Lakini uhondo wenyewe ni usiku. Jukwaa fupi la mbao huwekwa katikati, akina mama wakapanda wawili wawili na kulipiga kwa visigino, maana jukwaa hilo nalo ni ngoma. Wenye jarana hulizunguka, wakapokezana beti hadi alfajiri. Hiyo ndiyo fandango.

Sasa itazame jarana yenyewe. Ni kama gitaa lililokataa kukua! Fundi huchukua gogo moja la mwerezi akalichimba kama achongaye mtumbwi, kisha akalifunika kwa ubao mwembamba. Nyuzi kwa kawaida ni nane katika safu tano: safu ya kwanza na ya mwisho zina uzi mmoja mmoja, za katikati mbili mbili. Mojawapo ya zile ndogo huitwa mosquito, yaani mbu, na ukiisikia hutauliza sababu. Chombo kingine, requinto, hubeba sauti ya wimbo, nacho huchokolewa kwa kijiti cha pembe ya ng'ombe.

Muziki huu ulizaliwa na Wahispania, wenyeji wa nchi hiyo na Waafrika walioshushwa bandarini Veracruz kama watumwa. Kwa hiyo usishangae mguu wako ukiutambua kabla ya sikio.

Hata hivyo, nusura upotee. Katikati ya karne ya 20, redio na sinema zilipendelea vikundi vya jukwaani, na fandango za vijijini zikafifia. Mwaka wa 1977 kikaundwa kikundi cha Mono Blanco. Vijana hao walimwendea Arcadio Hidalgo, mkulima aliyekuwa amepita miaka 80, wakapiga jarana pamoja naye hadi karibu na kifo chake mwaka wa 1984. Kisha wakaanza kufundisha watoto vijijini.

Matunda yake? Mwaka wa 2008 wapigaji walikutana mpakani Tijuana, wengine upande wa Mexico, wengine upande wa Marekani. Uzio wa chuma ulikuwa katikati yao. Walipiga wimbo mmoja.