Nani Humweka Mkuu wa Chuo Kikuu?

Mtendaji mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni Makamu Mkuu wa Chuo, na uteuzi wake wananchi huusikia katika taarifa ya Ikulu. Marekani kazi hiyo hushikwa na rais wa chuo. Katika vyuo binafsi kama Columbia, yeye huchaguliwa na bodi ya wadhamini, na serikali haina kauli.

Wajuzi wa mambo ya nchi za nje wamepita njia zote mbili. Ibrahim Kaduma alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Tanzania kuanzia 1975 hadi 1977, kisha akapelekwa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuwa Makamu Mkuu. Machi 1978 wanafunzi waliandamana kupinga nyongeza ya mishahara na marupurupu ya viongozi, mamia wakafukuzwa. Ugomvi ulikuwa wa wanafunzi na serikali, na Makamu Mkuu alikuwa mteule wa serikali hiyo hiyo. Angesimamaje katikati?

Grayson Kirk alipanda kupitia ualimu. Alifundisha uhusiano wa kimataifa Columbia, akashiriki maandalizi ya kuunda Umoja wa Mataifa, na mwaka 1953 akamrithi Dwight Eisenhower kama rais wa chuo. Aprili 1968 wanafunzi waliteka majengo, ofisi yake ikiwemo. Walipinga ukumbi wa michezo uliokuwa ukijengwa katika bustani ya umma jirani na Harlem, na uhusiano wa chuo na taasisi ya utafiti wa kijeshi wakati wa vita vya Vietnam. Kirk aliita polisi. Watu zaidi ya 700 wakakamatwa. Agosti akaondoka. Nafasi yake ilishikwa na Andrew Cordier, aliyeuwakilisha Umoja wa Mataifa nchini Kongo mwaka 1960.

Bodi, basi, haizuii makosa. Lakini mkosaji alijulikana, akaondoka, na mwaka 1969 Columbia ikaunda Seneti yenye wahadhiri na wanafunzi ndani yake.

Suala la nani humweka mkuu wa chuo linawahusu wazazi wa Bugarama, Shinyanga, wanaouza mpunga ili mtoto afike Mlimani. Wanaishi jirani na mgodi wa Bulyanhulu, na wanafahamu kuwa meneja yeyote husikiliza kwanza aliyemwajiri. Hata msomi wa siasa wa kiwango cha Rwekaza Mukandala, Makamu Mkuu kuanzia 2006 hadi 2017, aliingia kwa mlango huo huo wa uteuzi. Kwa hiyo Makamu Mkuu achaguliwe na baraza la chuo, wahadhiri na wanafunzi wakiwa na kura.