Kukitafutia Kitenge Mwenzake

Udongo wa Karatu ni mwekundu, na kwa miaka mingi udongo huo ndio uliotuchagulia nguo. Blauzi nyeupe iliyovaliwa na kanga ya maua ilidumu na weupe wake wiki moja, mbili kwa mwenye bahati ya maji ya bomba. Baada ya hapo ilishika wekundu hafifu ambao hata jiki haikuutoa. Kiangazi lilikuwa vumbi la malori na magari ya watalii yakipanda Ngorongoro. Masika yalikuwa matope yanayoruka hadi magotini. Mama zetu hawakuhitaji kuambiwa. Kitambaa chenye maua walikivaa na rangi ya ugoro, na damu ya mzee, na buluu iliyokolea, au walijifunga kaniki ndani na kanga juu.

Nimekalia cherehani mjini Karatu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Fundi, hiki kitenge nikivae na rangi gani?" Jibu nililokuwa nikitoa zamani silo ninalotoa leo. Limebadilika kwa kufuata barabara, maduka, baridi na simu za mkononi, zaidi ya lilivyofuata mtindo wowote wa gazetini.

Nianze na baridi. Karatu iko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa kreta ya Ngorongoro unapita mita 2,200. Juni na Julai ukungu unaweza kukaa hadi jua lipande juu. Mwanamke wa pwani hulinganisha kanga na kanga, kwa sababu doti nzima inaonekana. Huku kwetu kanga huingia chini ya sweta. Kwa hiyo mama yangu hakuwa akijiuliza avae blauzi gani. Shida ilikuwa sweta, na sweta lilikuwa moja tu, la kijani cha chupa, zito, lililofumwa kabla sijazaliwa. Kila kanga iliyoingia nyumbani ilibidi ikubaliane nalo.

Nilikuwa msichana mwanzoni mwa miaka ya 1980, nguo zilipoadimika nchi nzima. Vita vya Kagera vilikuwa vimekomba fedha za kigeni, viwanda vilikosa vipuri na rangi, na kanga za Urafiki, kile kiwanda cha Ubungo kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, zilitufikia kwa mgao tu. Mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi, na kwa muda nguo zikawa za kunong'onezana. Mgao ulipofika dukani, mama aliweza kuchagua kati ya doti mbili au tatu, basi. Alikunjua kila moja na kutafuta kijani. Kijani kikubwa hakukitaka. Alitafuta kikonyo cha ua, jani dogo, kitone kwenye pindo. Akikiona, alisema, "Hii imekubali," akalipa.

Sijui ni nani aliyemfundisha, na hakuwahi kunieleza sababu. Nimeijua kwa kushona. Kitenge cha manjano chenye maua ya zambarau na vitone vichache vya kijani, ukikivalia blauzi ya manjano, vyote vinakuwa bonge moja la manjano. Kitenge kinapoteza kingo zake na blauzi inaonekana kama imekatwa kwenye kitambaa kilichokwisha. Ukikivalia kijani kilekile cha vile vitone, jicho linashuka kukitafuta kwenye maua, linakipata hapa, linakipata pale, na nguo yote inashikana. Rangi ndogo ndiyo inayofunga. Kwenye kanga nilijifunza kuitafuta kwenye pindo kabla ya mji, kwa kuwa blauzi au sweta hukutana na pindo kiunoni na begani. Hadi leo mteja akiniwekea kitambaa mezani, vidole vyangu huanza kutafuta rangi iliyo chache kuliko zote.

Halafu ikaja ruksa ya biashara. Mzee Mwinyi alishika nchi Novemba 1985, na katika miaka hiyo mitumba ikaanza kumwagika. Kwenye mnada wa Karatu, ule wa tarehe 7 na 25, palipokuwa na mbuzi, vyungu na kamba za katani pakawa na marundo ya blauzi na sweta kutoka nchi ambazo hatukuwa tumewahi kuzisikia. Waliotoka Mbulumbulu na Endabash kwa miguu waliinama kuchambua mpaka jua lizame. Kwa mara ya kwanza kanga ilikuwa moja na sweta ziko kumi.

Watu walivaa kila kitu. Maua ya Ulaya juu ya maua ya Urafiki, mistari juu ya madoa, drafti juu ya majani. Wako waliosema Wambulu tumepoteza macho. Mimi nilifurahi, na nasema hivyo bila haya, maana ndicho kipindi kilichonifundisha kwamba mauamaua mawili yanaweza kukaa pamoja. Nilikuwa nikiwatazama wanawake wakipita kwenda kanisani na kujiuliza kwa nini huyu amependeza na yule nguo zake zinagombana, ilhali wote wamevaa maua juu ya maua. Jibu lilikuwa ukubwa. Ua kubwa kama sahani likikaa na vitone vidogo, na vyote vikawa na rangi moja ya pamoja, vinaelewana. Maua mawili yaliyolingana ukubwa yanashindania jicho na hakuna linaloshinda.

Somo lingine nililipata kutoka upande wa juu, kwa Wamasai wa hifadhini. Yeyo mmoja, yaani mama kwa Kimasai, wa Nainokanoka alikuwa akishuka mjini na shanga zake za kuuza, na alipenda kukaa kibarazani kwangu akisubiri gari. Nilimtazama akitunga. Nyekundu na buluu, rangi mbili zenye nguvu sawa, hakuziacha zigusane. Kati yake aliingiza mstari wa nyeupe, wakati mwingine nyeusi, mwembamba kabisa. Nikamuuliza kwa nini. "Zitaumana," akasema, akaendelea na kazi.

Tangu siku hiyo nikaanza kushona mkanda mwembamba wa nyeupe au nyeusi mahali kitenge kinapokutana na kitambaa cha rangi moja, kwenye kola, kwenye kifua, kwenye pindo la mkono. Kitenge chekundu kilichokuwa kikila blauzi ya buluu kikatulia. Miaka mingi baadaye nikasoma habari za mkemia wa Ufaransa, Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia utiaji rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris. Alikuwa akipelekewa malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zimepauka. Akachunguza, akaona weusi wenyewe hauna kasoro. Rangi zilizofumwa jirani yake ndizo zilizoufanya uonekane hafifu. Kitabu chake kilitoka mwaka 1839. Niliposoma nilimfikiria yule yeyo, ambaye jambo hilohilo alilibeba vidoleni bila kitabu.

Na shuka zenyewe ni somo. Wageni wengi wanaona "nyekundu ya Kimasai" tu. Kaa njiapanda uwatazame wanaume wakishuka kwenye basi: shuka ya drafti nyekundu na nyeusi chini, ya buluu yenye mistari membamba juu, na ndani labda nyingine ya zambarau. Drafti kubwa hukaa na drafti ndogo. Vijana waliotoka jandoni husimama kando ya barabara wakiwa na nyeusi mwili mzima na chokaa nyeupe usoni, na mtu hana haja ya kuuliza wako katika hatua gani ya maisha. Mwishoni mwa miaka ya 1960 uongozi wa mkoa wa Arusha uliendesha kampeni ya kuwavua watu hawa shuka na kuwavisha suruali na magauni, kwa jina la maendeleo. Wazee wa Endulen wanaoikumbuka hawaisimulii wakicheka. Nashona suruali kila siku na ninazipenda, lakini ninashukuru kwamba kampeni ile ilishindwa. Watu wangenyang'anywa elimu ya rangi iliyotunzwa kwa vizazi, na mimi ningebaki na nusu ya ninachokijua.

Lami ilitufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000, kutoka Makuyuni kupitia Mto wa Mbu na Karatu hadi lango la Ngorongoro. Watu walisherehekea mabasi ya haraka kwenda Arusha. Mimi nilisherehekea nyeupe. Vumbi halikwisha, ila lilisogea nyuma, likabaki kwenye vichochoro na njia za mashambani, na mwanamke wa mjini akaweza kuvaa blauzi ya lesi nyeupe na kitenge hadi jioni. Katika mwaka mmoja au miwili wateja waliacha kuniomba damu ya mzee. Walitaka krimu, pinki hafifu, samawati. Vitenge vyenye ardhi nyeupe, ambavyo wenye maduka walikuwa hawavileti kabisa, vikaanza kujaa rafu. Pakazuka pia tatizo jipya: nguo kuchuja. Zamani kitenge chekundu kikichuja juu ya kaniki hakuna aliyejali. Sasa kilichuja juu ya lesi nyeupe ya harusi. Ndipo nikaweka desturi ya kulowesha kipande cha kila kitambaa chekundu, zambarau na buluu pamoja na kitambaa cheupe usiku kucha kabla sijakata chochote. Asubuhi cheupe kinanipa jibu.

Jambo jingine ninalomwambia kila mtu: usichague rangi chini ya taa ya dukani. Buluu iliyokolea na nyeusi huko ndani ni mapacha. Toka na vitambaa vyote viwili barazani, uvitazame kwenye ukungu kama upo, kisha uvitazame tena saa sita mchana. Vikielewana nyakati zote mbili, nunua.

Utalii nao ukaleta kaki yake. Hoteli moja ya ukingoni iliniagiza sare za wahudumu, kaki tupu, na meneja alitaka "kitu cha Kiafrika" kidogo kwenye kola. Kaki ina bahati: inapokea karibu kila kitenge, kwa kuwa yenyewe ni rangi ya udongo mkavu na majani ya kiangazi, haishindani na mtu. Lakini kwa sare za madereva niliambiwa nisiweke buluu wala nyeusi, nami nikaona ajabu, maana ndizo rangi nilizozipenda hapo. Dereva mmoja akanifafanulia. Mbung'o huvutwa na buluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo, na anayeendesha gari kwenye mapori ya Tarangire au Serengeti hataki kuwa mtego. Tukaweka kitenge cha rangi ya ugoro chenye chungwa kidogo. Bado nakipenda kuliko vyote nilivyowahi kuchagulia kaki.

Sasa tuko katika zama za kamati. Sendofu, kicheni pati, harusi, hata ubarikio: kamati inakaa, rangi inatangazwa kwenye kundi la WhatsApp, na wiki hiyo wanawake thelathini wanakuja dukani wakiwa na picha ya rangi kwenye simu. Zambarau na dhahabu. Pichi na kijivu. Kitenge kinatafutwa baadaye, cha kuifuata rangi, na mara nyingi hakipatikani, kwa hiyo kinanunuliwa kinachokaribia. Kukaribia ndiko kubaya zaidi. Zambarau inayokosea kidogo na zambarau nyingine inaonekana kosa; ni afadhali uende mbali kabisa, uchukue manjano. Simu nazo zina upendeleo wao: mistari membamba hucheza kwenye picha, nyekundu kali humeza mikunjo yote ya nguo, na rangi ya kioo cha simu siyo rangi ya kitambaa.

Napenda sare. Napenda kuona ukoo mzima umeingia kanisani kwa rangi moja. Kinachoniumiza ni kwamba rangi imeamuliwa kabla mtu hajagusa kitambaa, na kabla hajafikiriwa atakayeivaa. Shangazi mweusi wa kung'aa na mpwa wake wa maji ya kunde wanawekewa pichi ileile chini ya kidevu, na mmoja wao lazima apauke. Nao hulipa, wengine kwa kukopa.

Kwa hiyo mwaka huu, kamati ya harusi moja ya Rhotia ilipokuja na rangi yake tayari, niliwaomba waiache kwa dakika kumi. Nikawatandikia vitenge sita mezani. Walibishana, wakakubaliana kimoja, chenye ardhi ya buluu, majani ya chungwa na vitone vya rangi ya ugoro. Kisha nikawaonyesha kwamba ndani ya kitambaa hicho kuna rangi tatu za blauzi, na kila mwanamke anaweza kuchukua ile inayomfaa usoni na bado wote wakaonekana wa shughuli moja. Mama mzazi wa bibi harusi akachagua ugoro. Mabinti wakachukua chungwa. Mwenyekiti aliuliza kama gharama itapanda, nikamwambia haitapanda, kitambaa ni kilekile na mkato ni uleule, na tukaanza kuchukua vipimo.